Maili za shirika moja, ndege ya shirika jingine: tuliyojifunza wasafiri wa Zanzibar

Maili ni pointi ambazo shirika la ndege linampa mwanachama wake, naye akizikusanya anazikatia tiketi, ama ya shirika lenyewe ama ya shirika mwenza, yaani lililofungamana nalo. Tiketi ya maili iliyokatwa kwa shirika mwenza ina wenyewe wawili. Wa kwanza ni shirika lenye programu ya maili: hilo ndilo lililopokea maili, likapokea kodi, likaandika tiketi. Wa pili ni mwenye ndege, atakayekubeba. Huyu wa pili analo jina lako kwenye orodha yake ya abiria, lakini tiketi si yake. Hawezi kukubadilishia tarehe wala kukurudishia maili, na ofisi yake ya mjini ikikwambia "hii hatuigusi", haikudharau, inasema kweli. Tabu nyingi zinazowapata wasafiri wa Unguja na Pemba kwenye tiketi hizi, ukizifuata mpaka kwenye chanzo, zinarudi hapo: mtu amempigia simu mwenye ndege kwa jambo la mwenye tiketi, au amempigia mwenye tiketi kwa jambo la mwenye ndege, na siku zimepita.

Kwa hiyo kwanza jua nani anatua hapa na amefungamana na nani. Katika uwanja wa Abeid Amani Karume, ambao kwenye tiketi huandikwa ZNZ, wenye maana kubwa kwa mwenye maili ni Ethiopian, waliomo tangu Desemba 2011 katika Star Alliance, ambao ni umoja wa mashirika ya ndege kama ulivyo oneworld na SkyTeam. Turkish, waliomo humo tangu 2008. Qatar Airways, walioingia oneworld mwaka 2013. Oman Air, walioingia oneworld mwaka 2025. Na Kenya Airways, walio SkyTeam tangu 2010. Flydubai hawamo katika umoja wowote, lakini tangu 2018 wanatumia programu ya Skywards pamoja na Emirates, ambao wenyewe wanatua Dar es Salaam. Air Tanzania haimo katika umoja wowote kati ya hiyo mitatu. Ndege ndogo za Pemba nazo hazimo, na hilo lina madhara yake tutakayoyaeleza.

Maana ya kufungamana ni hii: maili za mwanachama mmoja zinaweza kununua kiti kwenye ndege ya mwanachama mwingine. Maili za Aeroplan, programu ya Air Canada, zinaweza kukukalisha kwenye Ethiopian kutoka Zanzibar hadi Addis Ababa na kuendelea. Avios, yaani maili za British Airways, zinaweza kukupeleka Doha kwa Qatar Airways. Flying Blue, ya Air France na KLM, inakata tiketi za Kenya Airways. Kwa sisi jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu ndugu zetu wengi wako London, Toronto na kwingineko, na huko mtu anakusanya maili kwa kadi ya benki kila anapokwenda sokoni. Hapa kwetu maili kwa kawaida zinatokana na kupanda ndege tu.

Ndugu wa nje akitaka kukusaidia, asikuhamishie maili. Kuhamisha kutoka akaunti yake kwenda yako mara nyingi kunatozwa ada kubwa, na zikishahama hazirudi. Akate tiketi kutoka akaunti yake mwenyewe kwa jina lako. Programu nyingi zinaruhusu kumkatia mtu mwingine bila ada yoyote ya ziada. Chache zinataka kwanza aandikishe majina ya wanaoruhusiwa, na nyingine zinataka awe wa familia. Asome sharti hilo kabla ya kuahidi. Kwa wanaokaa pamoja, baadhi ya programu zinaruhusu mfuko mmoja wa familia: Skywards, kwa mfano, inakubali mpaka watu 8 kuchangia kwenye akaunti moja, na kwa nyumba zetu zenye watoto wengi hiyo ni nafuu ya kweli, maana maili za mtoto peke yake hazifiki popote kabla hazijaisha muda.

Kwa anayekusanya mwenyewe, kosa la kwanza hutokea siku ya kununua tiketi ya pesa, kabla hata hajafikiria kuzitumia hizo maili. Kila tiketi ina herufi ya nauli, na herufi hiyo ndiyo inayoamua utapata maili ngapi. Tuchukue mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou kuchukua mzigo. Zanzibar hadi Addis ni takriban maili 1,050, na Addis hadi Guangzhou karibu 5,000. Kwenda na kurudi ni kama 12,000. Herufi inayolipa asilimia 100 inampa zote. Ya asilimia 50 inampa 6,000, ya asilimia 25 inampa 3,000, na zipo herufi za bei ya chini kabisa zisizolipa chochote katika programu ya mwenza. Watu wawili wamekaa kiti kwa kiti, mmoja anarudi na 12,000, mwengine na sifuri. Uliza herufi kwa wakala kabla hujalipa, kisha iangalie kwenye jedwali la programu unayotaka kuwekewa maili, si la mwenye ndege. Majedwali hayo hayafanani.

Namba ya uanachama iingizwe siku ya kukata tiketi. Programu moja tu kwa safari moja. Huwezi kuziweka maili zile zile sehemu mbili. Maili zisipoingia baada ya wiki mbili au tatu, utadai, na kwa kudai unahitaji namba ya tiketi yenye tarakimu 13 na kipande cha pasi ya kupandia ndege. Dirisha la kudai mara nyingi ni miezi 6. Piga picha pasi hizo kabla ya kuzitupa, maana karatasi yake hufifia maandishi kwa joto letu.

Kisha kuna kuoza kwa maili. Skywards zinaishi miaka mitatu na kuisha mwisho wa mwezi uliozaliwa. Miles&Smiles za Turkish nazo ni miaka mitatu. Avios za Qatar na za British Airways zinahesabu miezi 36 tangu akaunti itikisike mara ya mwisho, kwa hiyo safari ndogo moja inazifufua zote. Aeroplan ni miezi 18 bila mtikisiko. Maili za United hazina tarehe ya mwisho tangu 2019. Anayesafiri mara moja kwa miaka miwili asijiunge na programu inayomlazimisha kuruka kila mwaka, hata kama bei yake ya viti ni nzuri. Ushauri wetu kwa anayeanza ni kuchagua programu moja katika umoja anaoupanda zaidi na kung'ang'ania hapo. Maili 9,000 hapa, 7,000 pale na 11,000 kwengine hazikatii mtu tiketi.

Kutafuta kiti

Shirika halitoi viti vyote kwa wenza. Linatenga vichache, na vina herufi zake. Katika Star Alliance kiti cha mwenza cha daraja la kawaida ni X na cha daraja la biashara ni I. Katika oneworld ni X na U. Katika SkyTeam ni X na O. Herufi hizo zikiwa sifuri, hata ndege iwe tupu nusu, mwenza hapati kitu. Na wanachama wa shirika lenyewe huona viti ambavyo wenza hawavioni: mwenye ShebaMiles, programu ya Ethiopian wenyewe, anaweza kupata kiti cha Ethiopian siku ambayo mwenye Aeroplan anaambiwa hakuna.

Usianze kwa kutafuta Zanzibar mpaka mwisho wa safari kwa mkupuo. Mashine ikikosa kipande kimoja hukwambia hakuna safari nzima, nawe hujui kilichokosekana ni kipi. Tafuta kwanza kipande kirefu, Addis hadi Guangzhou au Doha hadi London, kwa sababu hicho ndicho adimu. Andika tarehe, namba ya ndege na daraja. Halafu tafuta Zanzibar hadi kituo cha kuunganisha siku hiyo hiyo. Mwisho jaribu safari nzima. Ikitokea vipande viwili vinaonekana mbalimbali lakini pamoja havionekani, piga simu kwa programu, umtajie mhudumu kila kipande kwa namba yake ya ndege na tarehe. Wakati mwengine anakuunganishia. Wakati mwengine hawezi, kwa sababu mwenye ndege ametoa kiti kwa sharti la safari fulani tu. Hapo jaribu siku ya kabla au ya baada.

Viti vya kivuli ni balaa jengine. Kiti kinaonekana kwenye tovuti, unajaza kila kitu, ukilipa kinapotea. Hutokea kwa sababu tovuti inaonyesha picha ya zamani ya hesabu ya viti. Dawa yake ni kuangalia kiti kile kile kwenye programu mbili za umoja mmoja. Kwa Star Alliance angalia kwa United na kwa Aeroplan. Kutafuta tu hakuli maili. Vikikubaliana wote wawili, kiti kina uwezekano mkubwa wa kuwepo. Fanya hivyo kabla ya kununua maili za kujazia au kuhamisha Avios kutoka British Airways kwenda Qatar. Avios hizo zinahama moja kwa moja, bila kupungua, tangu Qatar walipoanza kuzitumia mwaka 2022, lakini akaunti mbili lazima ziwe na taarifa zinazofanana, na kuziunganisha kwa mara ya kwanza kunaweza kugoma pale pale unapokihitaji kiti. Ziunganishe leo, hata kama huna safari.

Majira nayo. Viti vya maili vya kutoka Zanzibar hupatikana kwa urahisi zaidi wakati wa masika, watalii wakiwa wachache. Julai na Agosti ni kugombania. Mwisho wa Disemba una siri yake: ndege zinakuja zimejaa wageni na mara nyingi zinaondoka na nafasi, kwa hiyo Mzanzibari anayetoka siku hizo anakwenda kinyume na mkondo. Wiki ya kwanza ya Januari mkondo unageuka, na anayetoka hapa anagombania kiti na wageni wanaorudi makwao.

Umra ya Ramadhani inahitaji hesabu, na hesabu yake ni nzuri. Mwaka wetu wa mwandamo una siku 354 au 355. Mashirika mengi hufungua viti baina ya siku 330 na 360 kabla ya safari. Shirika linalofungua siku 330 kabla litaifungua tarehe mosi ya Ramadhani ya mwakani mnamo tarehe 25 au 26 ya Ramadhani hii. Yaani kiti cha mwakani kinatoka watu wakiwa katika kumi la mwisho, wamo msikitini. Anayekumbuka baada ya Idi, na hasa anayekumbuka Rajabu, anakuta vilivyobaki. Na kwa kuwa safari ya kurudi iko wiki kadhaa mbele, viti vyake havijafunguliwa siku hiyo. Usingoje vyote viwili. Programu nyingi zinakubali tiketi ya kwenda tu: kata ya kwenda mara inapofunguka, kisha ya kurudi tarehe yake ikifika. Uwe tayari na fungu la kulipia tiketi ya kurudi kwa pesa endapo kiti hakikutoka.

Bei, kodi na kile kinachoitwa ada ya mafuta

Maili hazilipi kila kitu. Kodi za viwanja unazilipa kwa pesa, na juu yake baadhi ya programu zinaongeza ada ya shirika ambayo kwenye mchanganuo wa nauli huandikwa YQ au YR. Hiyo ndiyo inayogeuza tiketi ya bure kuwa ya dola mia kadhaa. Miles & More (programu ya Lufthansa), Flying Blue na British Airways huipitisha kwa abiria katika safari nyingi. United hawaitozi. Aeroplan hawaitozi pia, ila wanachukua dola 39 za Kanada kwa kila tiketi yenye ndege ya mwenza. Kiti kimoja, ndege moja, mwenye programu hii analipa kidogo na mwenye programu ile analipa mara kadhaa.

Kabla ya kubofya, piga hesabu. Tuseme tiketi ya pesa ni dola 620, na ya maili inataka maili 40,000 na dola 180. Unaokoa dola 440. Gawanya kwa 40,000, kila maili imekununulia senti 1.1. Toa pia maili ambazo ungezipata kwa tiketi ya pesa, maana tiketi ya maili kwa kawaida haikupi nyingine. Tukipata chini ya senti moja, sisi tunashauri kulipa pesa na kuziweka maili kwa safari ghali: msiba wa ghafla, matibabu India, au daraja la biashara kwa mzee ambaye miguu yake haivumilii kukunjwa saa kumi. Hapo ndipo maili zinapofanya kazi ambayo pesa ya nyumbani haiwezi.

Malipo yenyewe hukwamisha wengi. Kadi ya benki ya hapa inaweza kuwa haijafunguliwa kununua mtandaoni nje ya nchi. Nenda benki ukaombe kabla, na uulize kiwango cha juu cha siku. Namba ya siri ya mara moja inatumwa kwenye simu iliyosajiliwa benki, kwa hiyo anayelipa na mwenye simu wawe pamoja. Kadi ikikataa mara mbili, simama. Majaribio mengi huifunga kadi, na kila jaribio linaweza kushikilia kile kiti usikione tena mpaka saa kadhaa zipite. Na ukitumia kadi ya mtu mwingine, uwe na nakala ya kadi hiyo, namba za katikati zimefichwa, pamoja na barua yake fupi, kwani kaunta nyingine huiulizia.

Majina

Hapa tunaomba msomaji atulie. Pasi zetu za kusafiria zina majina matatu au manne, na zinagawa jina la ukoo upande wake na majina mengine upande wake. Mtu aliyejiandikisha kwenye programu kama Ali Juma, na pasi yake inasema ALI JUMA KHAMIS, Khamis likiwa jina la ukoo, ana akaunti yenye jina la ukoo lisilo lake. Tiketi ya maili huvuta jina kutoka kwenye akaunti. Siku ya safari kaunta inaona JUMA/ALI wakati pasi inaonyesha KHAMIS. Ongeza juu yake Mohamed, Mohammed na Muhammad, Said na Saidi, Khamis na Hamis, Abdalla na Abdullah, na binti anayeandikwa "binti" kwenye cheti lakini si kwenye pasi. Kwa tiketi ya pesa wakala wa mjini anaweza kurekebisha herufi moja kwa simu. Kwa tiketi ya mwenza haiwezekani kirahisi: mwenye tiketi lazima aombe kwa mwenye ndege, na mara nyingi njia pekee ni kufuta na kukata upya, kama kiti bado kipo.

Fungua pasi, tazama mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za <. Jina la ukoo ni lile linalokuja baada ya TZA, kabla ya alama mbili za kwanza. Andika akaunti hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Kama akaunti tayari ina kosa, irekebishe miezi kabla. Programu hutaka picha ya pasi na huchukua siku au wiki. Na kama unabadilisha pasi, hakikisha mpya imeandikwa kama ya zamani.

Baada ya kulipa

Barua ya "umefanikiwa" si tiketi. Tiketi ni tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinakwambia mwenyewe ni nani: 071 Ethiopian, 157 Qatar, 235 Turkish, 176 Emirates, 706 Kenya Airways, 910 Oman Air, 014 Air Canada, 016 United, 125 British Airways, 074 KLM. Ukipanda Ethiopian kwa maili za Aeroplan, tiketi yako inaanza na 014, na hiyo ndiyo simu ya kupiga jambo likiharibika. Kama saa 24 zimepita na huna hizo tarakimu, usilale. Mwenye ndege huweka muda wa mwisho wa kuandikiwa tiketi. Ukipita, mashine yake inakifuta kiti yenyewe, huku kwenye akaunti yako safari bado inaonekana nzima.

Pili, omba kumbukumbu ya upande wa mwenye ndege. Mashirika mawili huwa na kumbukumbu mbili tofauti zenye herufi na namba sita. Ile ya programu haifunguki kwenye tovuti ya mwenye ndege. Mhudumu wa programu anaiona, mwambie akusomee. Ukiwa nayo, fungua safari kwenye tovuti ya mwenye ndege, uone kila kipande kimeandikwa kimethibitishwa. Kwa anayesomewa na wakala, neno la kutafuta ni HK: kiti kimeshikwa. UN, UC na HX ni dalili kwamba kiti hakipo tena. TK maana yake saa zimebadilika na mtu hajakubali mabadiliko hayo.

Hilo la mwisho ndilo linaloumiza wengi zaidi. Shirika linasogeza ndege yake ya Zanzibar kwa saa mbili. Kiti chako kinahamia kwenye saa mpya, lakini tiketi iliyoandikwa na shirika jingine bado inaonyesha saa za zamani. Kila kipande cha safari kina kuponi yake, na kuponi isiyolingana na ndege haifunguki. Kaunta inaona jina, haioni tiketi. Mwenye tiketi anatakiwa kuiandika upya, na mara nyingi hafanyi mpaka aombwe. Kwa hiyo fungua safari yako mara moja kwa mwezi, kisha siku 14 kabla, kisha siku 3 kabla. Ukiona saa zimebadilika, piga kwa mwenye tiketi, mwambie: "Kubali mabadiliko, kisha niandikie tiketi upya, na unipe namba." Usikate simu kabla hajasema namba. Mabadiliko makubwa ya saa yana faida yake pia: mara nyingi yanakupa haki ya kuhamia siku nyingine au kurudishiwa maili zote bila faini.

Usiruke kipande. Aliyekata Zanzibar–Addis–Jeddah akaamua kupandia Dar es Salaam, au akaamua kutangulia Addis kwa tiketi nyingine, atakuta vipande vyote vilivyobaki vimefutwa, pamoja na vya kurudi. Mabadiliko ya aina hiyo yaombwe kabla ndege ya kwanza haijaondoka.

Kwa watu wa Pemba, kipande cha Pemba hadi Unguja hakimo kwenye tiketi ya maili. Boti ya Mkoani au ndege ndogo ya Chake ni safari yako mwenyewe, na ikichelewa shirika kubwa halina deni nawe. Utaandikwa hukutokea na maili zinaweza kupotea zote. Wakati wa kusi bahari ikichafuka boti huzuiwa. Sisi tunashauri kulala Unguja usiku mmoja kabla, mbili kama ni Juni mpaka Agosti. Gharama ya kulala kwa ndugu Mwanakwerekwe haifanani na gharama ya kupoteza Umra.

Mtoto mchanga asiye na kiti chake naye husahauliwa karibu kila mara, kwa sababu tovuti nyingi hazimkubali kwenye ndege ya mwenza. Anaongezwa kwa simu, na yeye pia anaandikiwa tiketi yenye tarakimu 13. Programu nyingi hutoza sehemu ya nauli kamili, kwa kawaida asilimia 10. Aeroplan hutoza dola 25 za Kanada au pointi 2,500. Muongeze wiki ile ile ya kukata.

Wauza maili

Jambo hili linatuuma. Kila mwaka wapo wanaopita na kuuza tiketi za Umra au za Dubai kwa nusu bei, na kumbe ni za maili kutoka akaunti za watu wasiojulikana, baadhi zimeibiwa. Programu zinakataza kuuza maili na tiketi za maili kwa pesa. Shirika likigundua, hufuta tiketi bila kumuuliza abiria, na linaweza kugundua siku yoyote, hata mtu akiwa keshafika Makka na bado hajarudi. Anayepata hasara si muuzaji. Ni bibi wa Wete aliyeweka akiba ya karafuu miaka minne.

Kama umeshalipa kwa mtu wa namna hiyo, fanya hivi leo. Mwambie akupe tarakimu 13, si picha ya barua. Tazama tatu za mwanzo. Kama zinaonyesha shirika ambalo si lile utakalopanda, muulize tiketi imetoka kwenye programu gani na ya nani. Ndugu anayekukatia kwa mapenzi yake atajibu mara moja, kwa jina. Asiyeweza kujibu, dai pesa zako wakati tarehe ya safari bado iko mbali na viti vya kununua kihalali bado vipo.